Nzi wa embe naye achunguzwe Kitui

Maembe yakiiva Kanyangi, kaunti ya Kitui, nzi huvuna kabla ya mkulima. Jike hutoboa ganda akataga ndani, na funza huozesha tunda likiwa bado mtini. Nzi huyu aligunduliwa Pwani ya Kenya mwaka 2003, na ni miongoni mwa sababu zilizoifanya Kenya isitishe kuuza maembe Umoja wa Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021.

Yuko nzi mwingine, mdogo mno, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Huyo ndiye mwalimu wa maabara duniani kote.

Yai lake lina urefu wa nusu milimita na huanguliwa baada ya siku moja hivi. Mtafiti huliondoa ganda kwa klorini, dawa ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, kisha huliua kwa fomalini ili kila kitu kibaki mahali pake. Halafu huingiza kipande cha RNA kilichotungwa kinyume cha herufi za jeni anayoitafuta. Kipande hicho hunata pale tu jeni hiyo inapofanya kazi, na alama iliyobandikwa juu yake huvuta kingamwili na kimeng'enya kinachotoa rangi ya zambarau. Kwa jeni iitwayo even-skipped, mistari saba hutokeza ikizunguka kiinitete, yapata saa tatu tu tangu yai litagwe! Diethard Tautz na Christine Pfeifle walieleza njia hii ya rangi mwaka 1989.

Wengi leo hupenda protini ya kijani inayong'aa, iliyotokana na konyeza wa baharini, kwa kuwa humwonyesha nzi akiwa hai. Ni njia nzuri, ila hudai kwanza nzi aliyebadilishwa jeni. Rangi haidai hivyo. Anayejua herufi za jeni anaweza kumpima nzi wa embe mwenyewe, aliyetolewa shambani jana.

Kwa hiyo kazi hii inafaa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, kaunti hiyohiyo ya Kitui. Nzi wadogo hulishwa unga wa mahindi, sukari na hamira. Gharama kubwa iko kwenye hadubini na kemikali, na hapo serikali ya kaunti ina wajibu. Kule Ishaka, Uganda, watafiti wa Kiafrika wamekwisha kufunzwa kazi ya nzi hawa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala.

Isitoshe, nzi mdogo ni wa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza walivyomkuta porini Zimbabwe, kwenye matunda ya mng'ongo, mti ambao Wakamba huuita muua.