Mzee Anayetangatanga Huenda Si Mkaidi

Mzee akianguka barazani, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, hakuna mtoto atakayemlaumu. Gari hutafutwa saa ile ile. Lakini mzee huyo huyo akianza kutoka nje usiku wa manane, au akairudia Adhuhuri kwa kudhani kuwa hajaiswali, maneno hubadilika. Ataambiwa amekuwa mkaidi, au kachezewa, au anatafuta kubembelezwa. Kwa maoni yangu hukumu hiyo huenda ikawa dhulma, na ushahidi wa kuipinga umetoka kwa kiumbe tumdharauye, yaani panya.

Ubongo wa mwanadamu ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote. Nao hauna ghala la kuweka akiba. Panya akizibiwa mshipa mkubwa wa upande mmoja wa ubongo, mguu wake wa mbele wa upande wa pili hukunjamana, naye huenda akizunguka kuelekea upande huo. Hicho ndicho kiharusi tukijuacho, na kila mwenye macho hukiona.

Sasa mtazame panya mdogo wa jangwa la Mongolia. Mishipa iliyo chini ya ubongo wake haikuungana ikawa duara kamili, hivyo mishipa miwili ya shingoni ikibanwa, sehemu ya mbele ya ubongo hukosa damu mara moja. Mwaka 1982 mtafiti wa Japani, Takaaki Kirino, alieleza yaliyotokea baada ya kuibana kwa dakika 5 tu. Siku ya kwanza seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hazikuonyesha badiliko kubwa. Kufikia siku ya 4, nyingi katika eneo moja la sehemu hiyo zilikuwa zimekufa. Na mnyama mwenyewe je? Halali akajikunyata pembeni. Hukimbia huku na huko kuliko panya mzima! Wapo watafiti waliofasiri kwamba hashiki ramani ya mahali alipo, kwa hiyo kila kona kwake ni mpya, huipita tena na tena.

Asiyejua angemwona panya huyo akasema ana afya tele.

Yapo pia madhara ya polepole. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliizungushia mishipa ya shingoni ya panya wadogo nyaya nyembamba mno, damu ikapungua bila kukatika. Baada ya majuma kadhaa njia za mawasiliano ndani ya ubongo ziliharibika, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa wanyama hao walirudia vichochoro walivyokwisha kuvipita.

Panya si binadamu, na si kila usahaulifu wa uzeeni hutokana na damu. Hata hivyo shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo wa mwanadamu, na athari yake yaweza kuwa hatua fupi za kuburuza miguu, hasira za ghafla au usahaulifu.

Huenda msomaji akauliza kuhusu mateso ya wanyama hao. Swali lake ni la haki, nasi tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Mimi naona ubaya huzidi pale elimu iliyopatikana kwa gharama hiyo inapoachwa kabatini, huku baba akikemewa mbele ya wajukuu.

Basi apimwe shinikizo la damu na sukari, na dawa alizoandikiwa zisikatizwe kwa kuwa ameamka na nafuu. Daktari aelezwe tabia zilizobadilika na zilianza lini. Mabadiliko yakija ghafla, apelekwe siku hiyo hiyo. Nyumbani, mlango wa nje ufungwe usiku, taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka, na akiswali akae kando yake mjukuu wa kumhesabia rakaa.