Ndoano si muchezo wa watoto

Kila siku ya Mungu jioni tunaona watu wazima wa Kalehe wamekaa kando ya ziwa na ndoano, na wengine wanawacheka ati wanapoteza masaa. Sisi tunawatetea.

Chandarua hakichagui. Sambaza, ile samaki iliyoletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959, watoto wake wanakulia karibu na kando. Ukipitisha chandarua pale, umebeba samaki wa kesho, na nyumbani mtoto wako analala na imbu. Hasara mbili kwa sahani moja.

Ndoano ni ya tilapia. Chimba minyoo chini ya migomba, pale udongo umelowa, na ufunike ndoano yote. Fika asubuhi mapema ao jioni, ukae chini, kivuli chako kisianguke juu ya maji. Na makelele, hapana! Tilapia mama anabeba mayai yake kinywani, na wakati ule hali karibu kitu, kwa hiyo ni mara chache aume ndoano. Chandarua kinamubeba pamoja na mayai yote.

Mvua ikinyesha milimani, toka haraka kwenye midomo ya mito. Watu wa Bushushu na Nyamukubi, kisha yale ya Mei 2023, hawahitaji kufundishwa na agronome.

Tunaomba kila koperative yenye mashamba kando ya ziwa ipange jambo hili la vyandarua katika mukutano unaokuja, na wavuvi wenyewe wakiwa ndani.