Rivolva Inayokula Kila Risasi Hailindi Nyumba

Mteja anayeingia katika duka la silaha huko Texas au Georgia na kusema anatafuta bastola yake ya kwanza, ya kuweka nyumbani, huenda akatoka na ushauri mmoja unaojulikana sana: achukue rivolva fupi inayokubali risasi za kaliba zaidi ya moja. Ni nyepesi, haina usumbufu wa magazini, na risasi hii ikikosekana ataweka ile. Wauzaji wanaurudia ushauri huo, majirani wanaurudia, na mashemeji wanaoonekana kuzijua silaha wanaupigia muhuri. Wengi huutoa kwa nia njema kabisa. Hata hivyo ni ushauri mbaya, na anayeufuata anaweza kuulipia usiku wa manane, katika nyumba yenye watoto waliolala chumba cha pili.

Hamu ya kuwa na silaha moja kwa kila risasi haikuanza leo. Katika miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Texas, Phillips & Rodgers, ilitengeneza rivolva iliyoitwa Medusa Model 47. Iliweza kufyatua risasi za aina zipatazo 25 zenye vipenyo vinavyokaribiana, zikiwemo za 9mm na .357 Magnum, bila kubadilishwa silinda. Mafundi waliistaajabia, lakini wanunuzi walikuwa wachache na utengenezaji wake ukakoma.

Taurus ya Brazil ilifanikiwa pale Phillips & Rodgers iliposhindwa. Mwaka 2006 iliipa rivolva yake jina la Judge: silinda ndefu yenye matundu matano, kila tundu likipokea ama risasi ya .45 Colt au ganda la shotigani la kaliba .410. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, jina lilitokana na mahakimu wa Miami waliokuwa wakiinunua ili wajilinde kazini. Baadaye likaja toleo fupi zaidi, Public Defender. Mwaka 2011 Smith & Wesson nayo ikaleta Governor, yenye matundu sita, ikaongeza kaliba ya tatu, .45 ACP.

Kinachowavuta watu kwa Judge na ndugu zake ni yale marisau, yaani punje za risasi zilizomo ndani ya ganda. Mnunuzi huambiwa kwamba ganda la shotigani hutawanya marisau, kwa hiyo hahitaji kulenga sana. Aelekeze tu upande wa mvamizi na kufyatua. Kwa mtu mwenye hofu ambaye hajawahi kushika silaha, hakuna maneno matamu kuliko hayo. Hakuna pia maneno yanayompotosha zaidi.

Ukichungulia ndani ya mtutu wa shotigani ya kawaida utauona laini kabisa. Mtutu wa Judge umechongwa mifereji inayojisokota, kwa sababu ni lazima uizungushe risasi ya .45 Colt ili iende moja kwa moja. Mifereji hiyohiyo huyazungusha marisau pia, na yanapotoka mdomoni mwa mtutu hurushwa nje kwa mzunguko huo na kuacha uwazi katikati. Katika umbali wa mita mbili tatu hilo halina uzito. Katika urefu wa sebule au ujia wa nyumba, sehemu ya marisau humpita mvamizi na kwenda ukutani, na kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao nyembamba zilizofunikwa kwa vibao vya jasi. Nyuma ya ukuta huo kuna kitanda cha mtu.

Tena kuna suala la nguvu. Shirika la upelelezi la FBI linataka risasi ya kujilindia ipenye kati ya sentimita 30 na 46 katika jeli ya majaribio, ili iweze kufikia viungo vinavyomsimamisha mshambuliaji. Marisau madogo ya ndege yakitoka katika mtutu mfupi kama huo hayafiki kiwango hicho. Marisau makubwa ya kulungu yanaweza kufika, lakini ganda la .410 la kujilindia huwa na matatu hadi matano tu, wakati ganda la kawaida la shotigani ya geji 12 hubeba manane au tisa. Mnunuzi anadhani amepata shotigani inayotosha mkononi. Amepata silaha yenye nusu ya marisau, mtutu usioyafaa, na mpini unaomrukia kiganjani.

Hata sheria inaonyesha hali hii ya kuwa katikati. Tangu 1934 sheria ya shirikisho ya Marekani imezibana vikali shotigani zenye mtutu usiofika inchi 18. Judge inauzwa kihalali katika majimbo mengi kwa sababu mifereji ya mtutu wake inaiweka katika kundi la bastola. California haikuikubali hoja hiyo, na huko silaha hiyo imepigwa marufuku kama shotigani fupi. Kwa maneno mengine, mifereji inayoipa kibali cha kuuzwa ndiyo inayoyaharibu marisau yake.

Wapo watakaosema Judge ni kituko, na kwamba rivolva ya busara ya kaliba mbili ni ile ya .357 Magnum inayokubali pia .38 Special. Hoja hii ina uzito zaidi na inastahili jibu la haki. Risasi hizi mbili zina kipenyo kimoja; ganda la .357 lilirefushwa kama milimita tatu ili lisiweze kuingia katika rivolva za zamani za .38, kwa sababu shinikizo lake ni karibu mara mbili. Mwenye rivolva ya .357 anaweza kujifunza kwa .38, ambayo ni laini na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini faida hiyo inakaa katika rivolva ya chuma yenye uzito wa kilo moja na mtutu wa inchi nne. Ukiihamishia katika rivolva ndogo inapotea. Smith & Wesson 340PD ina uzito wa takribani gramu 330 na hubeba risasi tano. Ukifyatua .357 Magnum kwa silaha nyepesi hivyo, teke lake huumiza kiganja kiasi kwamba wengi huiweka chini baada ya silinda moja na kutotaka kuirudia. Chumbani gizani mwako wake humpofusha mpigaji kwa muda, na mlio wake unaweza kuyadhuru masikio ya wote waliomo. Teke hilo lina balaa jingine: linaweza kuvivuta vichwa vya risasi ambazo bado hazijapigwa vikachomoza nje ya maganda yao, na kimoja kikichomoza vya kutosha, silinda hukwama. Rivolva iliyonunuliwa kwa sifa ya kutokwama inakwama, tena kwa namna isiyotatuliwa kwa sekunde mbili.

Mtengenezaji mwenyewe ameandika onyo. Ubavuni mwa mtutu wa 340PD kumechorwa maneno yanayokataza risasi za .357 zenye kichwa chepesi kuliko grani 120, yaani karibu gramu nane. Silaha inayosifiwa kwa kukubali risasi nyingi imechorwa marufuku ya risasi kwenye chuma chake, lakini muuzaji aliyeishika kwa kuficha ubavu huo hatayasoma maneno hayo kwa sauti.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi kabisa dukani. Rivolva nyingi fupi zina alama za kulengea zisizorekebishwa. Kiwandani huwekwa zilingane na risasi ya aina moja. Risasi nyepesi iendayo kasi hutoka mtutuni kabla teke halijauinua sana, hivyo hupiga chini zaidi. Nzito ya mwendo wa polepole hupiga juu. Mtu akijifunza kwa risasi moja na usiku akaweka nyingine, anabadilisha teke, mlio, mwako na mahali risasi inapotua, yote kwa mpigo. Mazoezi yake yote yalikuwa ya silaha nyingine. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayomponyoka ni shabaha.

Umuhimu wa shabaha hauhitaji kubahatishwa. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichunguza mafunzo ya silaha ya polisi wa New York na kukuta kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi askari walipiga shabaha kwa asilimia 18 tu. Pale ambapo mtuhumiwa hakuwa akirusha risasi, ilikuwa asilimia 30. Hawa ni watu wanaolipwa na kupelekwa mazoezini. Mwenye nyumba aliyefyatua mara kumi tangu anunue, kwa kaliba tatu tofauti, atapata asilimia ngapi?

Mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, kati ya FBI na majambazi, hutajwa mara nyingi na wapenda kaliba kubwa, kwa kuwa maofisa wawili wa FBI waliuawa na shirika likaanza kutafuta risasi zenye nguvu zaidi. Wanasahau yalivyomalizika. Edmundo Mireles, ofisa aliyekuwa ameshajeruhiwa vibaya mkono mmoja, aliinuka na rivolva ya .357 iliyojazwa risasi za .38 Special, akawasogelea majambazi na kufyatua sita. Rivolva yake ilikuwa ya chuma, nzito, ya ukubwa kamili, na mwenyewe alikuwa amefundishwa kuitumia. Kaliba ndogo kati ya mbili ambazo silaha ile iliweza kuzipokea ilitosha.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni uhaba, nao una kumbukumbu ya kweli. Mwaka 2020 Wamarekani wengi waliokuwa hawana silaha waliingia madukani kwa mara ya kwanza, na rafu za risasi zikabaki tupu kwa miezi. Basi si bora bastola inayokubali chochote kilichopatikana? Hapana, kwa sababu uhaba ule ulizigusa takriban kaliba zote, na kwa sababu nyumba haihitaji shehena. Maboksi mawili ya risasi za aina moja, yakinunuliwa wakati zipo, humaliza suala hilo.

Kubwa kuliko yote, mjadala wa kaliba humwibia mnunuzi muda wa kuuliza maswali mazito. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 26, uligundua kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa karibu mara nane wa kujiua kwa silaha kuliko wasio nazo, na kwa wanawake tofauti ilizidi mara 30. Rivolva ndogo isiyo na swichi ya usalama, iliyojazwa na kusukumwa chini ya mto, iko tayari kwa mkono wowote: wa kijana aliyekata tamaa, wa mtoto mdadisi, wa mume aliyelewa. Nani ana ufunguo, nani ndani ya nyumba anapitia kipindi kigumu, kasha la chuma litafungwa wapi: hayo yanapaswa kuulizwa kabla mtu hajauliza inakula risasi gani.

Waafrika Mashariki na Wakongo waliohamia Texas, Ohio, Kentucky na Minnesota wana sababu ya kulisikiliza hili. Wengi wametoka nchi ambako raia hawezi kumiliki bastola bila kibali na mchujo wa serikali, kisha wanajikuta mahali ambapo mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kuinunua kihalali, ingawa walio na viza za muda kwa kawaida wamekatazwa. Ushauri wa kwanza wanaoupata unaweza kuwa ule wa kaunta, na wanaupokea kwa heshima kama neno la mjuzi.

Mjuzi wa kweli angewaambia mengine. Anayeamua kuweka rivolva nyumbani achukue ya chuma, ya ukubwa wa kati, kama Smith & Wesson Model 10 ya .38 Special iliyotumiwa na askari polisi wengi wa Marekani kwa miongo kadhaa, hata ikiwa ya mtumba iliyokaguliwa na fundi. Achague risasi ya aina moja inayolingana na alama zake, ajifunze nayo, na hiyohiyo ndiyo ilale ndani ya silinda. Baadhi ya rivolva nyepesi za kisasa, kama 340PD, hukaribia au hupita dola 1,000. Mtu akiacha moja kati ya hizo, pesa inayobaki inaweza kununua kasha la kufungia, saa kadhaa za mwalimu na risasi za mazoezi. Muuzaji anayejali maisha ya wateja wake anapaswa kuwauzia vitu hivyo vitatu kwanza, na asiyetaka kuvilipia asiuziwe silaha siku hiyo.