Gari lisubiri saa sita usiku
Majirani zangu wa Kibagabaga, mtaa wa Kigali, walionunua magari ya umeme baada ya Baraza la Mawaziri la Rwanda kuyaondolea kodi, Aprili 2021, wana tabia moja ningependa waiache: wakifika nyumbani saa moja jioni wanachomeka waya papo hapo. Saa hiyo ndiyo nchi nzima inawasha taa, runinga na pasi, na chaja ya kilowati 7 huvuta umeme sawa na birika tatu zinazochemka kwa pamoja, tena kwa muda mrefu. Transfoma ya mtaa haikupangiwa mzigo huo. Na haraka ni ya nini? Kushuka mjini na kurudi, hata kwa vilima vyetu hivi, hakumalizi uniti 10 (kilowati-saa) za umeme, nazo hurudi kwa chini ya saa mbili. Weka ratiba kwenye gari lenyewe au kwenye programu ya simu: ianze saa sita usiku, ikome betri ikifika asilimia 80, nawe ulale. Ila serikali nayo ina deni. Viwanda vikubwa hupata nafuu ya usiku. Mwenye Cash Power, yaani mita ya kulipia kabla, nyumbani, kwa bei za mwaka 2020 za mamlaka ya udhibiti, RURA, alilipa faranga 249 kabla ya VAT kwa kila uniti iliyozidi 50 kwa mwezi, iwe jioni au alfajiri. Anayesubiri usiku wa manane kwa faida ya mtaa mzima anastahili bei ya usiku, na mita inayotambua saa ifungwe kwake kwanza.