Dawa ya ini ipimwe kabla haijavuka mpaka

Mfanyabiashara anayepakia mitishamba Kampala kuelekea Busia au Mutukula huulizwa na wateja swali lile lile: kuna aliyepona? Jibu halikosekani, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa homa ya ini aina ya B, mashahidi wa kupona wapo tele hata pasipo dawa. Kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa, zaidi ya 90 huvishinda virusi wenyewe ndani ya miezi michache. Manjano ya macho hutoweka, na sifa zote huiendea chupa iliyokuwa mezani. Wanaobaki, pamoja na wengi walioambukizwa walipozaliwa, huishi na virusi miaka mingi bila dalili, huku ini likielekea kwenye makovu au saratani. Hao ndio wenye shida ya dawa, na ushuhuda wa jirani hauwafai kitu.

Asia, yenye tiba za asili zilizoandikwa kwa karne nyingi, imeshapitia haya. Mwaka 1988 watafiti wa Madras, India, waliandika katika jarida la Lancet kwamba zaidi ya nusu ya watu waliopewa unga wa Phyllanthus amarus hawakuwa tena na alama ya virusi kwenye damu. Wengine walipojaribu kwingineko, matokeo hayo hayakuonekana. Artemisinini, iliyotokana na mmea wa tiba ya Kichina, ilipimwa ikafaulu, na leo malaria inatibiwa nayo kote Afrika Mashariki.

Uganda ina taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya. Kenya ina KEMRI, Tanzania NIMR. Mpango wa Jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Mitishamba ya ini nayo ipitie njia moja: kundi linalopewa mmea lilinganishwe na lisilopewa, na cheti kinachotolewa kitambulike Malaba na Katuna. Mwenye cheti hana haja ya kumbembeleza mkaguzi.

Kwa sasa, muuzaji asithubutu kumwambia mteja aache tenofovir. Dawa hiyo haivimalizi virusi, huvizuia visizaliane. Ikikatizwa ovyo, vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliumiza ini vibaya. Mteja apimwe damu kwanza. Akikutwa hana virusi wala kinga, achanjwe dozi zote tatu, na muuzaji naye vilevile.