Tangi la Samaki Msimu wa Baridi
Ukifuga vifaranga vya kambare au perege nyumbani, Njombe au Makambako, Juni na Julai punguza chakula. Maji yakipoa samaki hula kidogo. Pumba inayobaki huoza, hutoa amonia na kumaliza hewa. Ukiwaona perege wamepanda juu, midomo ikichezacheza usoni mwa maji, wahi kubadilisha theluthi ya maji, usimwage yote. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwanza kwenye ndoo wazi. Kambare huweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana wavuvi wa sangara Ziwa Victoria humtumia kama chambo hai. Tusimtese kwa sababu ni mvumilivu: hata samaki wa chambo anastahili maji safi.