Kalulu Bado Hajarudi Ujiji

Jioni moja niliketi na wajukuu zangu hapa Ujiji wakitazama katuni ya Akili, yule binti wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Hufurahi kuwasikia wakiimba naye kwa Kiswahili. Ila mmoja wao akaniuliza, "Babu, na sisi wa Kigoma tutatokea lini?" Nikakosa jibu, nami si mtu wa kukosa maneno.

Kisa tunacho, tena hakihitaji kubuniwa. Mwaka 1871, huko Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley zawadi ya mtoto mtumwa. Aliitwa Ndugu Mhali, na Stanley aliandika kuwa maana yake ni mali ya ndugu yangu. Jina halikumpendeza, akawataka watu wake watoe jingine. Huyu akataja Simba, yule Ng'ombe, mwingine Mirambo, hata Ulimengo, akiutazama wepesi wa mtoto, akasema Kalulu, yaani mtoto wa paa. Washairi, mwalionaje tukio hilo? Watu wazima wanashindania jina la mtoto, na mwenyewe haulizwi! Mtunzi wa tamthilia atake nini zaidi?

Novemba ya mwaka uo huo Kalulu alifika nao Ujiji. Maneno ya Stanley kwa Livingstone dunia nzima inayajua. Ya Kalulu hatuna hata moja. Mwaka 1873 Stanley akachapisha riwaya ya safari na hatari yenye jina la mtoto huyo, kwa Kiingereza, kwa ajili ya wavulana wa kwao. Kalulu akasoma London, akahudhuria maziko ya Livingstone mwaka 1874, na mwaka 1877 mtumbwi wake ukamezwa na maporomoko ya Mto Kongo.

Nataka mfululizo wa televisheni, nao usemwe kwa Kiswahili cha huku, kinachopakana na Kiha na Kimanyema, si kile kinachonuka tafsiri. Tena nina hofu: watengenezaji wakisikia kijiji cha zamani, hutuletea vibanda vya nyasi na ngoma, basi. Ujiji ilikuwa na soko! Pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, na watu wakiuzwa. Hilo la mwisho lisifichwe. Wako wasemao litawatisha watoto. Ajabu! Watoto hao hao tumewalaza kwa ngano za zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na mifugo yake.

Nimekwisha kuandika onyesho la kwanza. Linaanzia ufukweni, mbali na ule mwembe wa wageni. Mitumbwi inarudi alfajiri, watoto wa pwani ya ziwa wanataniana kwa lugha asiyoielewa Kalulu. Anawakaribia, ananyoosha kidole kwenye tenga, anauliza kile ni nini.

"Mgebuka," wanamjibu. "Na wewe waitwaje?"